Usukani wa Sentimita Arobaini

Nyansurura, Jumamosi jioni. Mvua imenyesha asubuhi kidogo tu, ya kulaza vumbi, kisha jua likatoka. Miguu imechoka, lakini mikono yangu ni mizima. Nianze na mikono.

Baiskeli yangu ni ya mbio, ile yenye usukani uliojikunja kwa chini. Mwanangu, anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Natta, aliachiwa na mgeni mmoja mrefu, naye akaniletea. Ndiyo inayonipeleka Kisaka kila Jumamosi kwa Mwita, wa rika langu, mtu wa mwisho ninayemjua anayekumbuka kijiji chetu cha Tarime kabla mapigano ya koo hayajatutawanya. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Yeye anataja maboma, moja baada ya jingine, nami naandika katika daftari: nani alikaa wapi, zizi lilielekea upande gani.

Kumbukumbu yake inapungua. Tunalijua sote wawili, hatulisemi.

Mwezi uliopita vidole vyangu vilianza kufa ganzi njiani. Nikifika siwezi kushika kalamu. Juzi juzi breki iliniponyoka mkononi, nikaishia mtaroni. Jumamosi mbili zikapita sikwenda.

Nakiri kosa langu. Mimi nimekulia zizini. Nilipouona usukani ule mara ya kwanza niliupenda kama mtu anavyolipenda dume lenye pembe zilizopanuka. Jirani naye alisifu: "Hizo ndizo pembe, mzee!" Mikono ilipokufa ganzi nikadhani dawa ni usukani mpana zaidi. Nilikuwa tayari kuuagiza.

Aliyenizuia ni mkamwana wangu, Mama Chacha. Baba yake ni fundi baiskeli Sirari, naye amekulia kati ya spoki na minyororo. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawasogeleani. Hata mkono hatupeani. Alisema nami akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikiwa uani.

"Samahani baba. Huo usukani ni wa mabega ya yule mzungu. Wewe ukiendesha unakuwa kama mtu aliyekumbatia pipa."

"Wangu ni upi sasa?"

"Upana wa mabega yako, kutoka ncha ya mfupa hadi ncha ya mfupa. Lakini ni lazima mtu akupime."

Yeye hakuruhusiwa kunigusa. Mwanangu yuko kambini. Mke wangu alishafariki. Nilijaribu mwenyewe kwa rula: mara thelathini na tano, mara arobaini na mbili. Kumwita jirani niliona aibu, baada ya sifa zote zile.

Kisha nikaisikia tena sauti ya Mama Chacha kutoka jikoni. "Baba, ukuta wa ghala nimeukandika sasa hivi, bado mbichi. Vua shati uegemee. Papasa ncha ya mfupa wa bega, ubonyeze kidole kwenye udongo hapo hapo juu yake. Bega la pili vilevile, bila kusogea. Halafu uondoke."

Nikafanya hivyo. Nikaenda zangu mpaka zizini, mgongo umejaa udongo, ndipo akatoka jikoni na futi yake ya kushonea.

"Thelathini na tisa!" alipaza sauti.

Akaupima na usukani, katikati ya bomba hadi katikati ya bomba. Arobaini na nne.

Sentimita tano. Mwaka mzima nimeendesha mikono imetanuliwa, uzito wote umelalia viganja.

Nikasema basi nitafute wa thelathini na nane, usizidi mabega. Akanikatalia kwa adabu. Njia yetu ina mawe, na mwembamba mno huchezacheza mkononi. "Arobaini, baba. Hapo utatulia." Baba yake akaufungua mmoja kwenye baiskeli iliyokwisha kufa, akautuma kwa basi, na jana fundi wa hapa akaufunga.

Leo nimefika Kisaka vidole vikiwa hai.

"Nilidhani fisi wamekutafuna!" Mwita alinipigia kelele kabla sijashuka.

"Wangeanza na wewe, usiye na mbio."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaanza kazi. Kwa mawazo tulianzia mtoni tukapanda, naye akataja maboma tisa bila kusita. Kwenye la kumi, pale penye mawe makubwa, aliinua kichwa. Akaniangalia.

"Hapa palikaa nani?"

Palikaa baba yangu. Mwita amekula pale mara nyingi kuliko alivyokula kwao.

Nilimtajia jina la baba, taratibu. Alilisikiliza kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza, kisha akagonga daftari kwa kidole.

"Liandike basi, lisipotee."

Nimeliandika. Mkono umenitii.

Nilikuwa nimepanga kurudi Jumamosi ijayo, kama kawaida. Hapana. Jumatatu alfajiri niko njiani.