Manowari ya Wasichana wa Jeppestown

Johannesburg, Jumapili asubuhi

Dada Mwanajuma,

Shikamoo dada yangu. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha alfajiri kimempungua, au bado anajifanya hakimsumbui? Nauliza mbiombio, nisamehe, maana mwenzangu wa Muheza anayekuletea karatasi hizi anapanda basi leo. Mimi ni mzima. Mwanao Saumu ni mzima wa mwili. Nimeanza na hilo ili usisome huku roho imekuruka.

Tunalala kwenye ukumbi wa msikiti, sisi na familia nyingine za lile jengo letu la Jeppestown. Jengo halikaliki tena. Cherehani yangu imekwenda, vitambaa vya wateja vimekwenda, simu niliidondosha njiani siku ileile ya moto. Hivyo ni vitu. Nataka nikueleze yaliyowapata watoto, kisha nikuombe jambo.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mwaka huu Saumu hakupokelewa shule kwa sababu ya vibali. Baba yake tangu aende Cape Town hajulikani alipo, na sisi tulikuwa tunaishi kwa karatasi zake. Basi msichana mkubwa vile akawa anashinda ndani. Mimi nashona, yeye yuko kwenye simu na rafiki yake Furaha. Huyo Furaha ni binti wa jirani yetu, Mkongomani wa Bukavu, msusi wa nywele, sote tunamwita Mama Furaha. Wakapata katuni moja ya Kijapani. Dada, ni kitu cha ajabu: wasichana wa shule, na sare zao za kibaharia, ndio wanaoendesha manowari. Nahodha msichana, mshika usukani msichana, wa mizinga msichana, hata mpishi. Wanasoma humo, wanakula humo, wanapigana vita humo humo.

Nilimuuliza, "Na wazazi wao wako wapi?"

Akacheka. "Mama, shule yao ni meli. Kule hakuna mtu anauliza makaratasi."

Nikaendelea kushona.

Kumbe jengo letu nalo wakaligeuza manowari. Ni karakana ya zamani, ghorofa tatu, vyumba vimegawanywa kwa mbao, na huko juu kwenye ngazi kuna geti la chuma. Saumu akawa nahodha. Furaha, kwa kuwa macho yake hayapitwi na kitu, akawa mlinzi wa dirishani. Watoto wadogo wote wa jengo wakawa mabaharia. Saumu akipiga filimbi, kila mmoja anakimbilia mahali alipopangiwa, na wale wadogo kabisa wanapanda moja kwa moja hadi juu ya paa. Kelele zake usiseme. Mama Furaha alikuwa akitoka na kandambili mkononi: "Batoto, munanichosha! Mutabomoa nyumba ya benyewe!" Wanatawanyika, kesho wanaanza upya.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda Soweto kumpelekea mteja magauni ya harusi. Tangu katikati ya wiki kulikuwa na maneno mtaani kwamba wageni watatolewa kwa nguvu. Lakini maneno hayo, dada, tunayasikia mwaka hadi mwaka. Ukiyasikiliza yote hutaamka kitandani. Wakati wa kurudi, teksi ilifika kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawa kijani, dereva hakwenda. Akazima injini. "Eish, mama, huko mimi siendi. Wanachoma majengo."

Nikampigia Saumu. Alipokea papo hapo, na sauti yake haikuwa ya mtoto.

"Mama, usikuja. Watu wako chini. Furaha amefunga geti. Mimi napandisha wadogo juu."

"Saumu, jifungieni chumbani!"

"Hapana, Mama. Chumbani tutakufa."

Ikakatika. Nilishuka nikakimbia. Hapo katikati ndipo simu ilipoanguka, na viatu pia, sikurudi kuviokota. Nilipokaribia mtaa wetu nikakuta polisi wameziba barabara. Nikamshika askari mmoja mkono, nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu kwamba mwanangu yumo mule. Akanisukuma nyuma, si kwa ubaya, lakini alinisukuma. Kutoka pale niliuona moshi, mweusi, wa matairi, unatoka kwenye mlango wetu wa chini na kulamba ukuta kwenda juu.

Mama Furaha alinikuta hapo. Alikuwa ametoka saluni na chanuo liko mkononi. "Mama Saumu, batoto beko wapi?"

"Wako ndani."

Akakaa chini kwenye lami akaanza kumwita Mungu. Sauti ile, dada, bado iko masikioni mwangu ninapoandika.

Mambo ya ndani nimesimuliwa na watoto wenyewe. Wale watu walipokuja kuvunja mlango wa chini, Furaha alikuwa dirishani, akawaona kabla hawajafika. Saumu akapiga filimbi. Watoto hawakulia, hawakuuliza, maana walikuwa wamezoea. Wakakimbilia juu kama siku zote. Saumu akamwambia Furaha, "Funga geti, kaa hapo uwaangalie, ukiona wanalivunja upige kelele. Usiondoke mpaka nirudi." Yeye akapanda na wadogo. Kati ya paa letu na paa la jengo la pili kuna uwazi wa mtu mzima kuruka, si mtoto. Wakang'oa mlango wa choo cha juu wakaulaza pale kama daraja, na Saumu akawavusha mmoja mmoja, wakitambaa, mtoto wa mgongoni akiwa kafungwa kwa kanga yangu.

Aliyewapokea ng'ambo ni mzee mmoja Mmalawi, mlinzi wa lile jengo. Alipomaliza kuwavusha, Saumu akageuka arudi kumchukua Furaha. Wakati huo moshi umeshapanda ngazi yote. Yule mzee akamkamata kiunoni. Saumu alimng'ata mkono hadi damu, na mzee hakumwachia. Alikuwa analia naye, huku amemshikilia.

Furaha hakuondoka. Wazima moto walimkuta chini ya geti, vidole vimeng'ang'ania vyuma vilivyokwisha kushika moto.

Hospitali walimtia mipira puani na mdomoni, mikono ikafungwa yote miwili. Siku ya kwanza tulipokwenda kumwona, Mama Furaha alimtazama Saumu akasema mbele ya watu wote, "Ni wewe ulimuachaka mutoto wangu." Saumu alisimama ukutani mpaka saa ya wageni ikaisha. Tangu hapo hajala kitu cha maana. Analala ameketi. Katuni ile ukiitaja anaziba masikio. Aliniambia neno moja tu, "Mimi ndiyo nilisema asiondoke, Mama." Nilimwambia ameokoa watoto wa jengo zima. Niliona maneno yangu yanampita kama upepo.

Kila siku tulikwenda, na kila siku Mama Furaha alitugeuzia mgongo. Ijumaa walimtoa Furaha ule mpira wa mdomoni. Sauti yake imebaki kama mkwaruzo, inabidi uiname. Akamwona Saumu kule ukutani, akamwashiria kwa kichwa aje. Saumu akaenda akapiga magoti.

Furaha akamwuliza, "Batoto bote balifika?"

Saumu, ambaye Kiswahili huwa anakivunjavunja na Kiingereza, akamjibu kwa lugha ya Furaha mwenyewe: "Bote. Bote balifika."

Furaha akafumba macho akalala. Mama Furaha akainuka kwenye kiti chake, akakisogeza karibu na kitanda, akaondoka kwenda dirishani. Saumu akakikalia.

Nisikudanganye kwamba mambo yametengemaa. Daktari anasema mapafu yameungua, na mikono hajui itafunguka kiasi gani. Na kuna jingine, ndilo linaloninyima pumzi. Jana Saumu alitoka kwenda dukani, vijana wawili wakamnyooshea kidole: huyu ndiye aliyetufungia geti. Geti alilifunga Furaha, lakini sura wanayoikumbuka ni ya Saumu. Mmoja akapitisha kidole shingoni mwake, hivi, akicheka. Polisi nilikwenda, wakanisikiliza, wakaniambia nisubiri. Nisubiri nini, dada?

Ombi langu ni hili. Mpokee Saumu. Wewe ni mama yake mkubwa. Najua nyumba imejaa, najua ulishaniambia. Atalala jikoni, atalala chini ya kitanda cha Mama. Ubalozi watampa karatasi ya safari ya njia moja, nimeshakwenda kuuliza, na huyu mwenzangu wa Muheza ameniachia namba ya ndugu yake atakayesafiri mwisho wa mwezi, atakuja naye. Wanao wasimcheke anavyoongea. Usimwulize habari hizi mpaka aziseme yeye. Mtafutie shule, yoyote.

Alikataa kabisa kuondoka. Alisema nahodha hatangulii kushuka. Nikamshika uso nikamwambia, wewe si nahodha, wewe ni mwanangu. Tulilia sote. Mwishowe amekubali kwa sharti moja, kwamba mimi nisije naye. Mama Furaha hana mtu mwingine hapa wa kupokezana naye zamu pale kitandani, na Saumu ametaka niape kwamba Furaha hatazinduka hata mara moja akakosa mtu. Nimeapa.

Mpigie Mama goti kwa niaba yangu, lakini habari ya moto mfiche. Nisalimie shemeji, na Mjomba wa madrasa umwombe amsomee dua Furaha, binti wa Kikristo, Mungu ni mmoja. Watoto wako wote wabusu.

Mpigie huyo ndugu kwa namba iliyo nyuma ya karatasi hii. Mwambie neno moja tu: amlete.

Mdogo wako,
Zuhura