Nilitenganisha Maziwa ya Mama Mukwe na Dawa Yake ya Tension

Mama Olga mupendwa, mushauri wa radio yetu, nakusalimia sana na bote ba kwako. Huku Burungu tuko. Baba ya batoto, Théophile, anakusalimia, iko mu shamba anapalilia maharagi. Mutoto wetu mukubwa Bénédicte anakusalimia, yeye njo anasoma ku secondaire. Prince anakusalimia, kikohozi ilipona. Mamy mudogo hajui kusema bado lakini akisikia sauti yako ku radio anageuka. Na mama mukwe wangu, Mama Anne, anakusalimia, anafikiri naandika kuomba wimbo.

Naomba unisaidie. Mama Anne iko na tension, ile ya damu kupanda, ku centre ya afya walimupatia kinini, kidonge ya kumeza kila asubui na alikuwa anaendelea muzuri, lakini mwaka jana aliteleza mu matope akavunjika mukono, na ku centre walitufundisha maziwa iko na kalsiamu, njo inakomalisha mifupa, basi Théophile akasema maziwa ya ngombe yetu isiuzwe yote, kikombe moja ya asubui ni ya mama yake. Siku ingine Bénédicte akasoma karatasi ya ndani ya boîte ya dawa, akaniambia, "Mama, hapa banaandika inhibiteur calcique. Njo kusema inazuia kalsiamu." Nikasikia moyo inaanguka. Nikafikiri kumbe dawa inasimama ku mulango ya tumbo inafukuza maziwa, mifupa ya huyu mama itakuwa kama fimbo ya muhogo kavu, na nikiacha dawa damu itamupanda ku kichwa, nikaona heri hivi bili bisikutane mu tumbo: leo namupa kinini bila maziwa, kesho maziwa bila kinini, na sikuambia muntu. Siku ya kinini anatazama chai yake anasema, "Muke wa mwana wangu, leo ngombe imenuna?" Nacheka, namuongezea sukari.

Juzi alisikia kizunguzungu, akashikilia ukuta, tukamupeleka ku centre. Infirmier Esdras, muuguzi wa pale, akamupima, akasema, "Tension imepanda, Mama, inaonekana hii dawa haikutoshi," akaandika ingine ya nguvu zaidi. Mama Anne akamujibu, "Ongeza tu, mutoto wangu, nitashiba dawa mbele ya kula mboga ya sombe." Bote bakacheka. Miye nikapokea boîte mupya bila kusema kweli, sababu Théophile alikuwa amesimama pale pale.

Mungu asifiwe, leo anasikia muzuri, iko anachagua maharagi na kugombeza kuku, moyo imenirudia kidogo. Lakini boîte mupya sijafungua. Uniambie kweli, hii dawa inazuia maziwa isifike ku mifupa? Nimupe gani? Utume neno mbio, sababu njo mikono yangu inamupa.

Mama Bénédicte, Burungu

Mama Bénédicte, kaa chini kwanza, pumua. Dawa haikuiba mifupa ya mama mukwe wako. Mutoto wako alisoma muzuri, lakini mulango si ule uliofikiria. Kinini ile inafanya kazi ku misuli ya mishipa ya damu. Misuli hiyo inajikaza wakati kalsiamu inaingia ndani yake. Dawa inapunguza ile inayoingia pale, mishipa inalegea, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Matumbo yanapokea kalsiamu ya maziwa kwa njia zingine. Wachunguzi waliojaribu dawa hizi kwa wanyama waliona mabadiliko hapa na pale, lakini kwa muntu anayemeza kipimo alichopewa, hakuna alama kwamba matumbo yanakataa kalsiamu. Kinini na kikombe vinaweza kufuatana asubui moja.

Sasa nikugombeze. Uliogopea mifupa, ukasahau damu. Mukono uliovunjika unafungwa, unapona; mushipa ukipasuka mu kichwa, utaufunga na nini? Tena ukamuacha Esdras afikiri dawa ni zaifu, kumbe haikumezwa. Ukianza kutoa hiyo ya nguvu kila siku, tension inaweza kushuka kupita kipimo, Mama Anne akaanguka, akavunja mukono wa pili. Njo mifupa hiyo unayoilinda?

Usifungue boîte mupya. Leo hii, si kesho, beba boîte zote mbili, ya zamani na mupya, wende na Mama Anne ku centre, useme hivi: "Nilikuwa natoa siku moja, naruka siku moja." Usizunguke. Wewe si wa kwanza kumuambia Esdras hayo, na hutakuwa wa mwisho. Apime tena, yeye njo aseme ipi imezwe. Na ukiona miguu ya mama inavimba, maana dawa hizi zinaweza kuivimbisha, ao neno lingine ku karatasi linakutia woga, peleka woga huo kwake mbele ya kugusa dawa.

Na njiani, mwambie mama mukwe wako yote. Mwili ni wake, na akili yake iko nzima, nimeisikia mu barua yako. Atakucheka mpaka Mamy aolewe, vumilia. Kisha boîte ikae kwake, ajimezee mwenyewe kila asubui. Wewe mumiminie maziwa.

Mama Olga