Nyumba Nyekundu na Waya wa Baharini

Alhamisi, 1 Juni 1882

Meli ya Wageni imeingia. Nyeusi, tumbo kama la mjamzito wa mapacha, limejaa waya mtupu. Wanataka kuuleta wa kwao nchi kavu hapa hapa Trinnick, ghuba moja na waya wa Wakongwe uendao Ireland. Kama dunia imeishiwa fukwe.

Kampuni mbili hizi za kupeleka simu chini ya bahari zimepigana bei tangu majira ya baridi. Wakongwe wanashusha bei ya neno, Wageni wanashusha zaidi. Nimesema mezani, wakiendelea hivi watatubembeleza tutume salamu bure. Mkwe wangu Selby, anayesoma ishara stesheni ya Wakongwe, hakucheka. Binti yangu Trifena akasema, baba kula. Nikala. Samaki wa chumvi tena.

Ijumaa, 2 Juni

Bwana Lidstone, wakala wa Wageni, kanikuta gatini. Viatu vinang'aa hata samaki waliokufa wanajiona.

"Mzee, bado una meno ya kusemea?"

"Mawili. Yanatosha kukuuma."

Anataka kujua waya wa Wakongwe unalala wapi, wasije wakautilia nanga. Nikampa alama ambayo kila mtu hapa anaijua: ukiwa majini, mnara wa kanisa ukisimama sawasawa nyuma ya nyumba nyekundu ya mjane Pike, waya uko chini yako. Tia nanga magharibi ya mstari huo, mbali. Akaandika kwenye kijitabu. Ahsante hakusema. Akawaambia wenzake, kizee hiki kinanuka mafuta ya sili.

Kweli nanuka. Basi nikanyamaza na lililobaki.

Lililobaki ni hili. Februari tuliikokota nyumba ya mjane juu ya barafu, wanaume arobaini na kamba, tukiimba, maana amechoka na mbuzi wa shemeji yake. Iko hatua mia mashariki ya pale ilipokuwa. Mnara haukuhama. Waya haukuhama. Mstari ndio umehama, na magharibi yake sasa ndiko waya uliko!

Nanga yao itanasa kwenye waya, watahangaika siku nzima, wataikata waiache. Nimecheka mpaka kifua kimeuma.

Jumapili, 4 Juni

Mchungaji kahubiri juu ya ulimi. Saa nzima, kwa ulimi wake.

Baada ya ibada Selby kanivuta kando, nyuma ya ukuta wa makaburi. Barua imetoka makao makuu ya Wakongwe. Vita vya bei vimewakausha. Waya huu ukikatika tena hawatatuma meli ya kuutengeneza, watafunga stesheni. Yeye atapelekwa wanakotaka wao, ng'ambo huko, pamoja na Trifena na watoto.

"Usimwambie bado, baba. Analala vizuri siku hizi."

Nikamwambia sawa. Sikula.

Jumatatu, 5 Juni

Asubuhi nimemwomba Garland Hynes anipeleke melini kwa mashua yake. Garland akauliza, Mjomba, unaenda kuomba kazi au kuomba radhi? Nikamwambia piga kasia.

Lidstone alikuwa sitahani na nahodha. Nikavua kofia. Mara ya mwisho niliivua nje ya kanisa siku ya kumzika mke wangu. Nikasema: alama niliyokupa imeharibika. Nyumba ile imehama.

"Imehama? Ilikwenda kwa miguu?"

Mabaharia wakaangua kicheko. Nikaeleza: barafu, kamba, wanaume arobaini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka. Hakuna uongo ninaoujua unaosikika vibaya kama ukweli huu.

Nahodha peke yake hakucheka. Akaniuliza kama nina jamaa stesheni ya Wakongwe. Nikasema mkwe wangu. Lidstone akamgeukia: unaona? Wamemtuma. Wanataka tutie nanga kwenye miamba.

"Ijumaa ulisema hivi, leo vile. Mzee, ni lini ulikuwa unadanganya?"

"Siku zote mbili nilisema kweli," nikasema. Wakacheka tena. Garland naye alicheka, bwege yule, tena yeye mwenyewe alivuta kamba Februari.

Ningeenda kwa mkuu wa stesheni. Lakini atauliza nani aliwapa alama.

Jumanne, 6 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Ulipoondoka nikaona meli imetia nanga. Magharibi ya mstari. Pale pale.

Saa nane. Upepo umegeuka, unatoka nchi kavu, unaisukuma nje. Mnyororo umekaza. Nanga zao ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Saa tisa. Selby kaja mbio kutoka stesheni, bila kofia. Doa la mwanga wanalosomea ishara linarukaruka ukutani, anasema, na hakuna anayetuma kitu kutoka Ireland. Kitu kinauvuta waya. Trifena kauliza kuna nini, birika mkononi. Selby ananitazama mimi.

"Baba, wewe unaijua ghuba hii kuliko wote. Wale watu wametia nanga wapi? Nani kawaonyesha?"

Nimemwambia angoje, namaliza mstari huu. Anangoja. Trifena ameweka birika chini, naye anangoja. Na mstari huu nimeuandika mrefu kadiri nilivyoweza