Pengo la Kitabu cha Tatu

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwa Dada Yako.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, mgongo umetulia na zamu za wodini zimepunguza ukali. Sisi huku hatujambo, kwa maana ile ya watu wanaoamka, wakafanya kazi, wakalala. Uchovu ndiye mgeni wetu wa siku hizi; siku ya tatu imeshapita na jembe hataki kulishika.

Mimi bado nipo katika duka la uchapaji, nikisahihisha kadi za mialiko na kalenda. Shahada yangu imetundikwa juu ya cherehani ya Mama, nami nashinda nikibishana na wateja kuhusu mahali pa kuweka koma. Sisemi haya ili unihurumie, bali ujue nilikuwa na kiu gani niliposikia kwamba shirika moja la vitabu linatafuta mhariri.

Niliitwa kwenye usaili. Mjomba aliniazima koti lake, Mama akalipunguza mabega. Nilikuta wasaili watatu nyuma ya meza ndefu, na mambo yalikwenda vema mpaka mwenyekiti wao aliponiuliza ni kitabu gani kilichonifanya kuwa msomaji. Ningeweza kuwatajia wanafalsafa. Nimewasoma, na wengine nimewapinga pambizoni kwa wino. Lakini swali lilikuwa la kweli, nikalipa jibu la kweli: vile vitabu sita ulivyokuwa ukinisomea, vya binti mchunga mawingu na punda wake mbishi asiye na kivuli.

Mwenyekiti alitabasamu, akauliza kama sikukosea mlango, maana shule ya chekechea iko mtaa wa pili.

Unanijua, Mama Mdogo. Hamkuniita Wakili wa Bure kwa bahati mbaya. Nilimjibu kwamba kitabu anachokielewa mtoto, na ambacho mtu mzima bado hajakimaliza, si kitabu kidogo. Nikawaeleza kile cha tatu, pale binti anapokabidhiwa mvua ya mwisho, akainyesha hata juu ya mashamba ya waliompiga mawe. Nilidai kwamba hoja ya haki iliyomo mle ni nzito kuliko ya vitabu vingi vyenye faharasa. Wakaniomba niwanukulie maneno ya binti wakati ule. Sikuweza, sijayaona tangu ulipoondoka nacho. Nikaweka maneno yangu mahali pa yake, marefu mno, na walipoanza kutazama saa nikajua kazi imeniponyoka.

Jibu silijutii. Ninachojutia ni yale mabega ya koti.

Mama alipopata habari hakugomba, heri angegomba. Akawa ananisemesha kupitia kwa Mjomba ilhali nimekaa papo hapo. "Muulize huyo mchunga mawingu kama atakula." Mjomba ananiuliza, namjibu, naye anapeleka jibu upande wa pili wa meza kama tarishi asiye na mshahara. Mwanzoni tulicheka, yeye na mimi. Baadaye kicheko kikaisha, nikabaki nimechoka. Nimechoka hata kuwa na haki.

Desturi ya nyumba uliianzisha wewe: anayesafiri huondoka na kitabu kimoja, ili safu ya rafuni isitimie hadi arudi. Nakala nyingine ya cha tatu ningeweza kuinunua. Sijathubutu, kwa kuwa ingekuwa sawa na kusema hutarudi tena.

Jana mchana nilirejea nikakuta cherehani imenyamaza. Mama alikuwa dirishani, miwani puani, kitabu cha pili mkononi, na futi yake ya kupimia nguo ikiwa alama ya ukurasa. Yeye, ambaye miaka yote tulipokuwa tukisoma alisema ana pindo za kumaliza. Hakuinua macho.

"Huyu punda ni wewe," akasema. Na mimi, si Mjomba, ndiye niliyeambiwa. Nikakaa.

Akafunua kurasa zilizobaki, akafunga. "Cha tatu kiko wapi? Nataka nione uliwaambia nini wale watu."

Nikamjibu kwamba unacho wewe, na kwamba nitakuomba ukitume.

"Kisije kwa posta," akasema. "Aliyekichukua akilete mwenyewe. Mwambie mimi ndiye ninayefuta vumbi kwenye lile pengo."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kuyaongezea hoja hata moja. Nawe unajua jinsi hilo lilivyo gumu kwangu.

Mjomba anakusalimu, asema tarishi amestaafu. Mama hakunituma salamu nyingine zaidi ya hizo. Wasalimie wauguzi wenzako, na Mungu akufungulie njia, ya kuja hasa.

Ni mimi mwanao, niliyejifunza kusoma begani pako,

Wakili wa Bure