Papa, Baiskeli ya Mwisho Uliigawa Sehemu Tatu

Papa wangu mpendwa,

Jumanne nilipokea kartoni kumi za baiskeli kutoka Ariwara. Kufika saa sita mchana zilikuwa zimekwisha, na nje bado watu wamesimama wananiangalia kana kwamba nimeficha nyingine chini ya sketi. Wanaorudi Bunia sasa ni wengi, na kila anayerudi anataka baiskeli: ya kubebea mabati, ya kupeleka mtoto shuleni, ya kwenda kuona kama shamba lake la Aveba bado lipo. Mwanamume aliyepata ya mwisho aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka. Nikaiunga mbele ya macho yake kwa muda usiofika nusu saa, naye kicheko kikamwishia. Ungekuwepo, ungejisifu mpaka jioni.

Ndiyo, Papa, duka lako limefunguliwa. Mama na mimi tuliweka bati jipya na mlango mpya. Risasi bado zinasikika siku moja moja upande wa Djugu, lakini sisi hatuhami tena, na kazi naijua. Gurudumu nalinyoosha kwa sikio, nikigonga njiti zake za chuma moja moja kama ulivyonifundisha. Wewe ulikuwa ukizibembeleza njiti hizo. Mimi nazitukana, na zinanyooka vilevile.

Lakini sikuandikii kujisifu tu. Kuna baiskeli moja iliyonifanya nikukasirikie miaka hii yote, na habari yake kamili nimeipata Jumapili iliyopita.

Unakumbuka jinsi vita vilivyoanza. Kwanza petroli ilipotea, kisha magari yakachukuliwa na wenye bunduki, mwenye gari akabaki na funguo mfukoni. Ghafla watu waliokuwa wakituita wauza vyuma wakaanza kukusalimu kwa heshima. Mwalimu wa mtaa wetu, aliyeapa kwamba hatapanda baiskeli na suruali yake ya pasi, alikuja mara tatu kwa siku moja. Kila familia ilitaka kitu cha kubebea mgonjwa, magodoro na sufuria siku ya kukimbia. Maduka yote nyuma ya soko yakaisha. Barabara ya Ariwara ilikuwa imefungwa, hakuna kartoni iliyoingia. Watu wakanunua fremu zenye kutu walizokuwa wamezitupa wenyewe, wakanunua hata pedali moja, kwa matumaini kwamba nyingine itapatikana kwa jirani.

Wewe ulibakiwa na kartoni moja. Nilijua ni ya nani. Nyonga ya mama ilikuwa imeshaharibika, hakuweza kutembea kutoka dukani hadi kanisani bila kupumzika mara mbili. Nilikwisha kuchagua hata mto wa kumkalisha nyuma.

Mchana ule aliingia Papa Musa, mchimba dhahabu wa Bambu, na mguu wake uliopondwa na jiwe la shimoni, akiwa na mke na mashemeji wawili wenye mikono mipana kama mapauro ya kuchimbia. Baada yake akaingia Mama Mapasa, jirani yetu, mapacha wake hawajatimiza mwezi, yeye mwenyewe amekauka kwa homa, na kaka yake nyuma yake. Wote wawili walitaka baiskeli. Nikangoja uwaambie kwamba zimekwisha. Ulichofanya ni kuipasua ile kartoni mbele yao.

Fremu ulimpa Papa Musa. Usukani, cheni na pedali ulimpa Mama Mapasa. Magurudumu mawili uliyaweka mapajani mwa mama, kama mtu anayepakata sinia. Papa Musa aliigeuza fremu yake huku na huku.

"Papa, sasa hii kadre peke yake mi nitafanya nayo nini?"

"Utatafuta wenye magurudumu," ulimjibu. "Wako hapa. Mutatoka pamoja kesho asubui. Aline ataunga."

Nililipuka. Unajua nilivyolipuka, mtaa mzima ulijua. "Papa, na mama haiko mutu? Unagawanya kinga yake, baiskeli yake, juu ya kufurahisha majirani!" Ulikuwa ukipaka grisi kwenye ekseli, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Halafu ukasema jambo lililonimaliza kabisa: kwamba wewe huondoki nasi, utafunga duka kwanza, utafuata. Nikaona basi, huyu mzee anapenda vyuma vyake kuliko sisi.

Asubuhi niliunga baiskeli mbele ya duka bila kukutazama. Mama alikaa nyuma, pacha mmoja mikononi. Mlishikana mikono ninyi wawili kwa muda mrefu. Mimi nilishika usukani nikaanza kusukuma. Nyuma yangu ulisema, "Safari njema, mwanangu." Nilikusikia vizuri sana. Sikugeuka.

Papa, ngoja nikuchekeshe kidogo. Siku ya kwanza jioni, tulipopumzika njia ya Komanda, Papa Musa alidai fremu yake. Alisema hamjui mtu hapa, atalala nayo. Mama Mapasa naye akadai cheni yake. Nikafungua kila kitu kwa spana yako, kila mmoja akakumbatia mali yake, na mama akajilaza kati ya magurudumu mawili. Asubuhi nikaunga upya. Jioni ya pili nikafungua tena, vidole vimejaa malengelenge. Siku ya tatu mama alianza kutetemeka kwa homa, na Papa Musa, ambaye zamu yake ya kupanda ilikuwa imefika, akasema mguu wake umepona. Uongo mtupu, alikuwa akiuburuza, damu ikimtoka. Mashemeji wake ndio waliosukuma siku hiyo nzima, na jioni hakuna aliyedai kipande chake.

Kwenye kizuizi baada ya Komanda vijana wenye silaha walituuliza baiskeli ni ya nani. Papa Musa akasema, "Kadre ni yangu." Mama Mapasa akasema, "Cheni ni yangu." Mama akasema, "Siye tuko na magurudumu." Mkubwa wao alituangalia mmoja mmoja, akaanza kucheka, akawaita wenzake waje wasikie. Kisha akaacha kucheka akauliza majina ili ajue makabila, kwanza ya wanaume. Papa Musa na mashemeji walikuwa watu wa mbali, vita hivi haviwahusu. Kaka wa Mama Mapasa alikuwa wa upande wao. Kwa mama waliuliza jina la baba yake, akalitaja, nalo lilikuwa la upande wao pia. Mimi nina sura ya mama, hakuna aliyeniuliza kitu. Pale nilielewa kwamba jina lako, Papa, la upande wa pili, wasingelicheka. Nilielewa kwa nini hukuja, lakini tulikuwa tumeshapita na hakukuwa na njia ya kurudi kukwambia.

Tulifika Beni siku ya tisa, wote, pamoja na mapacha. Siku hizi wanakimbia na kuvunja vitu. Baiskeli ile tuliitumia familia tatu hadi ikaisha yenyewe.

Habari zako tulizipata miezi mingi baadaye. Jirani wa ng'ambo alikuzika, na ndiye aliyetuonyesha kaburi lako tuliporudi. Mama hupalilia pale kila wiki. Mimi nilikuwa nikienda naye na kusimama pembeni, kwa sababu hasira haikuwa imeisha. Kubaki nilikusamehe. Kugawa baiskeli sikukusamehe. Kila nilipokumbuka mama akitetemeka kando ya barabara akingoja zamu, nilisema moyoni: angalau ile moja ungetuachia nzima.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukichambua maharage, nikayasema hayo kwa sauti. Mama aliweka ungo chini. Akasema umefika wakati, maana mimi ni mtu mzima na wewe huwezi tena kumgombeza.

Akaniambia kwamba yeye pia alikuuliza, siku ile ile, nilipokuwa nimetoka nje kulia. Na ulimjibu hivi: "Mukienda na kinga muzima, muko wanamuke wawili tu, watawanyanganya ku njia. Mukiwa na magurudumu tu, hakuna mwenye atawaacha nyuma."

Nilibaki na maharage mkononi. Nikawaona upya wale mashemeji wakisukuma, na Papa Musa na mguu wake. Watu ambao siku mbili kabla walilala na fremu kifuani kwa kutuogopa. Ulitutafutia kundi zima la kusafiri nalo, Papa, mchana mmoja, kwa kartoni moja.

Nikamwuliza mama kwa nini hamkuniambia. Akasema yeye alitaka, wewe ukakataa. Ulisema nikijua kwamba hutafuata, sitatoka Bunia. Hilo ni kweli, ningejifungia dukani na wewe. Halafu ukasema: "Acha akasirike. Aline akikasirika anatembeaka mbio."

Nililia, Papa, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Ulinijua vizuri mno. Nilitembea mbio kweli, siku tisa, na kila hatua nilikuwa nakutukana, na kila hatua ilikuwa inanitoa penye kifo. Ulikubali nikuchukie ilimradi nifike. Nakupenda kwa hilo kuliko kwa yote uliyonifundisha.

Jana nilikwenda peke yangu mahali ulipolala. Nilikaa chini kabisa, nikapalilia, mikono bado ina grisi. Nilitaka kusema nikashindwa, ndiyo maana naandika. Asubuhi ile uliniambia "Safari njema, mwanangu," nami sikugeuka. Leo nimegeuka, Papa. Nimefika salama, na mama amefika salama. Asante. Baki na amani, kwa heri.

Ni mimi, binti yako,
Aline