Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siidai, kwa nilivyokufanyia sistahili.

Mjukuu wako Koku sasa anakaa mwenyewe, ana meno mawili ya chini. Anashika kila kitu. Wewe tu hukuwahi kumshika, na hiyo ni kazi yangu mimi, mwalimu wa fizikia.

Ulipotoka hospitali, ulikolazwa tangu Koku hajazaliwa, baada ya kumeza kile kidonge cha iodini yenye mionzi cha kuua saratani ya tezi ya shingo, nesi alituambia sote wawili: wiki mbili usimbebe mtoto, basi. Mimi nikajifanya najua kuliko nesi. Nikakuchorea nyuma ya kalenda ya parokia: kila siku nane mionzi inapungua nusu, halafu nusu ya hiyo nusu, hivyo hivyo. Tungoje siku arobaini, nikasema, ibaki chembe. Ulicheka. "Mwalimu, sasa hiyo nusu yako inaisha lini?" Nikakujibu kwamba haiishi kabisa, inazidi tu kuwa ndogo. Mgonjwa nilimpa jibu la darasani.

Nikakuhamishia chumba cha uani hapa Kiseke. Kikombe chako nikakipaka rangi ya kucha, kisichanganyike na vyetu. Ulikuwa unakaa dirishani unamwimbia Koku Kihaya, mimi nimesimama naye kule kwenye kamba ya nguo. Siku ya ishirini na mbili ukasema, "Nipe hata mguu wake niushike." Nikasema bado. Wiki mbili za nesi zilikuwa zimeshapita, Mama, na mimi nikasema bado.

Siku ya thelathini na moja ukafa. Daktari alisema saratani ilishafika kwenye mapafu, mionzi haikuhusika.

Wanawake wa jumuiya walikuja na ndoo na kanga za kukuosha, wakaishia mlangoni. Kila aliyewahi kuja kukusalimia nilikuwa nimemtisha na hesabu zangu. Mama Anitha, uliyesali naye miaka yote, akaniambia, "Si wewe ulisema ana sumu?" Nikakuosha peke yangu. Niliwachukia, na mpaka leo salamu zao naziitikia kwa shida. Lakini maneno waliyoyaogopa yalitoka kinywani mwangu.

Wiki iliyopita nilifundisha mada hiyo kidato cha nne. Msichana mmoja akauliza swali lako lilelile, inaisha lini. Niliweka chaki chini, nikawaambia wasome wenyewe.

Leo ni siku ya tisini na sita tangu kidonge. Imepungua nusu mara kumi na mbili. Unaona, bado nahesabu, sijui nahesabu ili iweje.

Kesho Koku anaanza uji. Atanyweshwa kwa kikombe chako, na rangi yake siitoi.

Lala, Mama. Shule zikifungwa tutapanda meli kuja Bukoba, mpaka kwenye migomba ulikolala. Nitamvua viatu nimsimamishe juu ya kaburi lako, miguu yote miwili, mpaka achoke mwenyewe.

Mwanao