Kwa Fundi, Yupo?

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za Mama. Mgongo wako umepoa, au bado unajifanya kijana? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Ile kazi yangu ya mabasi imefanikiwa. Unakumbuka mkuu wetu wa ofisi alivyosema hakuna fungu la kununua hata basi moja, tutafute njia na haya haya tuliyonayo. Nikapendekeza mambo mepesi: rangi barabarani ili mabasi yawe na njia yao, na vituo vilivyobanana viunganishwe, maana basi lilikuwa likisimama kila baada ya nyumba mbili kama mgeni asiyejua kuaga. Wakacheka, kisha wakakubali. Sasa wauguzi wanawahi zamu, na juzi dereva mmoja alinisimamisha njiani kunishukuru. Mkuu anataka nije nifanye hivyo hivyo huko kwenu. Najua umeshaanza kunitafutia chumba.

Lakini kaka, kimojawapo cha vituo vilivyofutwa ni Kwa Fundi, kile cha mbele ya nyumba yetu kilichobeba jina la Baba. Baba ametutoka, cherehani yake imefunikwa shuka, ila makondakta waliendelea kuuliza kama kuna wa kushuka: "Kwa Fundi, yupo?" Na Mama, dirishani, alikuwa akijibu chini chini, "Yupo." Nilitamani kukiacha. Ningekiacha, kila mtu ofisini angetetea cha mtaani kwao, na mpango wote ungekufa. Nikakifuta mwenyewe huku roho ikiniuma.

Mama alipouliza mbona mabasi yanapita kimya, nilimdanganya kwamba barabara inatengenezwa. Tangu hapo kila jioni akawa ananisihi niwahimize wamalize, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi. Kazini napongezwa, nyumbani sina pa kuweka uso. Nimebanwa, kaka, na aliyenibana ni mimi.

Jana nilimkuta ameketi palepale dirishani. Akaniambia taratibu kwamba anajua hakuna barabara inayotengenezwa. Kondakta mmoja alishamweleza zamani, naye akajifanya hajui ili asinivunje moyo. Akasema jirani yetu muuguzi sasa anafika hospitali mapema, kwa hiyo kituo nisikirudishe.

"Ila wewe ukirudi kutoka kazini," akasema, "ukifika mlangoni, uliza."

Nilitoka nje, nikafunga mlango, nikasimama kizingitini kama mwizi. Nikauliza, "Kwa Fundi, yupo?"

"Yupo," Mama akajibu.

Leo pia nimeuliza, na kesho nitauliza. Basi chumba usinitafutie tena. Nikija huko, jioni nani atamuuliza Mama?

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anasema jifunike vizuri, baridi ya huko haina adabu.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa Fundi